Nukta Moja Katika Filamu

Si desturi ya mwalimu wa lugha kuwajia wenziwe na habari za mizani, chupa na dawa za kusafishia picha. Lakini jambo lililonipata baina ya Gitega, ninakofundisha, na Muyinga, kwetu, lilianza kwa dawa likaishia kwa mwandiko, nami nadhani halitakuwa geni kwa yeyote aliyewahi kusoma maandishi ya zamani na kutakiwa kuapa kwamba ameyasoma sawasawa.

Marehemu babu yangu alikuwa mchuuzi mjini Muyinga. Kama wazee wengi wa Kiislamu wa miji yetu ya bara, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino ambao leo umechujuka ukawa na rangi ya chai ya rangi. Daftari lake limo mikononi mwa shangazi yangu, naye halitoi nje ya chumba chake. Humo mna madeni, mahari, siku walizozaliwa watoto, na mgawanyo wa kiwanja. Mgawanyo huo ndio uliotuletea maneno, kwa kuwa watoto wa baba mkubwa wamepakana na shangazi, na baina yao hapakuwa na alama ila migomba. Shangazi ana mtoto wa jicho, hawezi tena kusoma. Wakasema: mwalimu aje asome.

Sikuweza kusoma. Chumba kilikuwa na giza, karatasi zilikuwa zikikatika kila zikifunuliwa, na ule mwandiko, aujuaye anajua, hauna huruma: kimeno kile kile chaweza kuwa be, te, nuni au ye, na kinachovitenga ni nukta tu. Nikaomba ruhusa ya kupiga picha. Msomaji ataniuliza, simu je? Nami nilitoa simu. Shangazi akaikataa. Akasema kwamba picha ya simu hulala Muyinga ikaamkia Buyenzi, na kila mtu akawa nayo kabla mwenyewe hajanawa uso. Lakini ya filamu ina mwili, hushikwa mkononi, na aliyeichukua anaweza kuambiwa airudishe. Sikuwa na jibu la hoja hiyo, na hadi leo sina.

Kamera ninayo, urithi wa mjomba aliyekuwa mpiga picha za vitambulisho, pamoja na tangi la kusafishia, mizani ndogo na kipimajoto. Yeye alikuwa akitumia dawa iitwayo D-76, ya kampuni ya Kodak, na picha zake za nyuso zilikuwa laini kama maziwa. Sababu ya ulaini huo imo katika kanuni yake: kila lita moja ina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, na salfaiti nyingi kiasi hicho humung'unya pembe za chembe za fedha, zikawa hazionekani sana. Ni jambo jema kwa uso wa bibi harusi. Kwa nukta ya babu, iliyo ndogo kuliko mbegu ya ulezi, nilitaka kinyume chake.

Kinyume chake kipo, tena si kipya. Dawa ya Rodinal, iliyo maarufu kwa ukali wa kingo zake, ilianza kuuzwa na kampuni ya Agfa mwaka 1891. Mimi nilichagua kanuni ya Mjerumani Willi Beutler, kwa kuwa yaweza kupikwa nyumbani. Chupa ya kwanza: maji lita moja, metoli gramu 10, salfaiti gramu 50. Chupa ya pili: maji lita moja, kaboneti ya sodiamu gramu 50. Ukitaka kusafisha, huchukua sehemu moja ya kila chupa ukaongeza sehemu nane za maji. Salfaiti iliyobaki katika lita ni gramu 5 tu. Hutumiwa mara moja ikamwagwa. Metoli na salfaiti niliagiza kwa jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Ulaya, aliyeniletea na filamu za ISO 100. Kaboneti niliipata jikoni. Magadi soda meupe yanayotiwa katika maandazi, ukiyakaanga katika sufuria kavu, hutoa mvuke na hewa, yakageuka kaboneti. Gramu 84 huwa 53. Mke wangu aliyaonja kwa ncha ya ulimi akasema maandazi yameponea chupuchupu.

Sasa siri ya dawa hii, ambayo ilinistaajabisha nilipoielewa. Filamu haipati habari zaidi ya ile iliyoingia kupitia lenzi. Lakini kwa kuwa dawa ni nyepesi mno, mahali palipopigwa na mwanga mwingi huimaliza nguvu mapema, ilhali palipo gizani dawa hukaa bila kazi, ingali mbichi. Mpakani mwa sehemu hizo mbili ile mbichi huvuka kwenda upande wenye njaa na kuupaka weusi zaidi. Nayo bromidi, takataka ya kazi, huvuka upande wa pili na kuuzuia usisonge mbele. Hutokea basi ufito mwembamba mweusi na ufito mwembamba mweupe, bega kwa bega, na jicho husema: hapa ni pakali. Ni kama kukoleza mpaka kwa kalamu. Ili hayo yatokee, tangi lisitikiswe ovyo, maana mtikiso huondoa dawa iliyochoka kabla haijafanya hila yake. Mara moja kila dakika, polepole, yatosha.

Gitega iko kiasi cha mita 1500 juu ya usawa wa bahari, na usiku ule maji ya mtungini yalikuwa nyuzi 20 kamili, bila barafu wala moto. Nilivingirisha filamu ndani ya kabati, nikamimina dawa, nikakaa kimya dakika 9 mbele ya saa. Nilikuwa nimekariri lile neno la kutotikisa kama mwanafunzi akaririvyo kanuni ya ngeli asiyoielewa, hata nikaliacha tangi vilevile tangu tone la kwanza hadi ilipopita dakika nzima.

Asubuhi niliiinua filamu dirishani na kioo cha kukuzia. Sijapata kuona mwandiko ukisimama namna ile! Karatasi ilikuwa imekuwa nyeusi, na herufi za babu ziling'aa wazi, kila nukta mahali pake. Nikasoma mgawanyo: bintiye apewe nyumba, na kutoka ukutani kwenda upande wa migomba hatua hamsini. Wenzangu mnaofundisha mwandiko ule mnakumbuka kwamba tarakimu yao ya tano ni kijiduara mfano wa sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta. Niliona kijiduara, na kuliani mwake nukta. Hatua hamsini ni migomba yote ya watoto wa baba mkubwa, pamoja na jiko la mmoja wao.

Nikapiga simu Muyinga. Nilisoma kwa sauti, ukoo umekusanyika, na kabla sijamaliza nikasikia viti vikisukumwa. Shangazi peke yake hakufurahi. Alisema, "Mwanangu, baba hakunipa migomba. Alinipa njia ya kupita." Nikamjibu kwa adabu, na kwa upumbavu, kwamba kumbukumbu huchakaa lakini picha haichakai.

Jioni yake nilikuwa nikiikata filamu vipande sita sita ndipo nilipokumbuka kwamba kila ukurasa nilikuwa nimeupiga mara mbili. Fremu ya pili ya ukurasa ule ilikuwa na kijiduara. Nukta haikuwamo. Nikarudi kwenye ya kwanza: ile nukta ilikuwa duara mno, haina mkokoto wa kalamu, nayo ilikuwa na mwenzake pembeni mwa karatasi pasipoandikwa neno. Ni viputo vya hewa. Hunasa juu ya filamu dawa inapomiminwa, na chini yake dawa haifiki. Fiksa ikija huikuta fedha haijaguswa, ikaiondoa, pakabaki tundu jeupe kama wino. Dawa yake ni kuligonga tangi mezani mara mbili tatu mwanzoni kabisa. Mjomba aligonga kila mara. Nilikuwa nikimsikia utotoni nikidhani ni mazoea tu.

Sikupiga simu mara ya pili. Kesho yake nilipanda gari kwa njia ya Karuzi, na njia nzima nilijipangia maneno ambayo nilipofika sikuyatumia. Watoto wa baba mkubwa hawakunipa mkono. Shangazi alilifunua daftari mwenyewe, akalipeleka mlangoni penye jua, nikaweka kioo juu ya mstari mbele yao wote: kijiduara, kisha karatasi tupu. Hatua tano. Binamu mkubwa aliinama akatazama muda mrefu, ingawa herufi zile hazijui, kisha akatoka nje akaanza kupima kwa miguu kutoka ukutani. Shangazi hakusema neno juu ya kumbukumbu yake wala juu ya picha yangu.

Nilimkabidhi negativu zote, kama tulivyoagana. Nikaomba mkasi niikate ile fremu ya kwanza, isije ikamdanganya mtu mwingine miaka ijayo. Akanizuia. Alitaka zirudi kwa hesabu ile ile zilizotoka, asije mtu akauliza iliyopungua ilikuwa na nini. Akaniuliza kama naweza kuandika juu ya bahasha, kwa herufi za babu. Mkono wangu katika herufi hizo ni wa kitoto, lakini niliandika: ya kwanza ina nukta isiyo ya babu. Akanitaka nimsomee. Nikamsomea, akaifunga bahasha pamoja na daftari ndani ya kanga, akairudisha sandukuni.