Swala wa Mikumi ana bei yake, mwanafunzi je?

Wewe uliyewahi kupita Mikumi na basi la Iringa au Mbeya, bila shaka umekiona kile kibao cha mbugani. Kimeorodhesha wanyama, na kila mnyama kaandikiwa faini yake ukimgonga, tena kwa dola. Tembo yupo, twiga yupo, hadi swala ana bei. Dereva anajua mapema kabisa: ukimpitia huyu, jiandae na kiasi hiki. Hakuna cha afisa kuamka na hasira za nyumbani kwake akakupangia bei anayotaka.

Juzi juzi nilikipita tena nikienda kumsalimia mama yangu mdogo. Mamdogo ni matroni katika chuo kimoja huko Kilosa, na alikuwa Mikumi kwenye semina ya siku mbili ya wafanyakazi wa vyuo: walimu, matroni, patroni, hadi walinzi wa getini. Mada ilikuwa namna ya kushughulikia kesi za nidhamu za wanafunzi kwa haki.

Mie nikacheka. "Mamdogo, kumfukuza mwanafunzi nako kunataka semina? Si anapewa barua, anabeba begi?"

Hakucheka. Akanisimulia.

Siku ya kwanza, baada ya chai, mwezeshaji alisimama akasema simu yake imeibwa. Akamnyooshea kidole mwalimu mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu na meza. "Ni wewe. Toka nje, barua utaikuta." Ukumbi kimya! Mzee wa watu jasho linamtoka, kila akitaka kusema anaambiwa nyamaza, usijibizane na wakubwa. Dakika tatu hivi, mwezeshaji akaitoa simu mfukoni, akaomba radhi. Lilikuwa zoezi. Akamuuliza mwalimu amejisikiaje.

"Nilitaka mtu mmoja tu aniulize," mzee akajibu.

Mamdogo akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mie nimeshawatoa watoto bwenini hivyo hivyo."

Kisha akafungua daftari lake. Kwanza, mwanafunzi aambiwe kosa lake kwa maandishi na apewe muda wa kujiandaa, siyo anaitwa saa mbili, saa mbili na nusu kashahukumiwa. Pili, mlalamikaji asikae kwenye kamati. Matroni aliyeibiwa sufuria hawezi kuwa mlalamikaji, shahidi na hakimu kwa mpigo mmoja. Tatu, mashahidi wa pande zote wasikilizwe, na yaliyosemwa yaandikwe. Nne, adhabu ilingane na kosa, na iwe kwenye sheria alizopewa siku anaripoti chuoni. Hapo nikakikumbuka kile kibao. Tano, aelezwe sababu za uamuzi, na aonyeshwe pa kukata rufaa.

Na usiseme hayo ni mambo ya Ulaya. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, lazima asikilizwe kikamilifu na awe na haki ya kukata rufani. Chombo kingine chochote, msomaji wangu. Kamati ya nidhamu nayo imo.

Sasa kicheko kikaniisha, maana nilimkumbuka Redio.

Nilisoma sekondari ya bweni ambayo sitaitaja, mkoa mwingine kabisa, na nilikuwa kiranja wa bweni. Redio tulimpa jina hilo kwa kuongea, hazimiki. Usiku mmoja nikahesabu vitanda, chake kitupu. Nikamwandika kwenye orodha ya watoro. Asubuhi ikasomwa mstarini. Alipofungua mdomo, mwalimu wa zamu akamwambia funga bakuli. Viboko vilivyofuata vilizidi vinne, wakati kanuni za 2002 zinasema vinne ndio mwisho. Kisha barua ya kusimamishwa, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Hakuufanya.

Kumbe usiku ule Redio alikuwa bweni la pili, amekaa na dogo wa kidato cha kwanza aliyekuwa anaweweseka kwa homa. Niliambiwa mchana wa siku ile ile. Nikakaa kimya. Niliogopa kuvuliwa ukiranja.

Kuna waliopoteza zaidi ya mtihani. Agosti 2018, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu akituhumiwa kuiba mkoba. Baadaye ikaelezwa kwamba mkoba wala haukuwa umeibwa. Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Familia moja ikazika mtoto, nyingine ikabaki na baba, mume au ndugu gerezani. Kuuliza kungechukua dakika ngapi?

Usiku ule nikiwa gesti pale Mikumi, malori yananguruma barabarani, usingizi ukagoma. Nikatafuta namba ya Redio. Siku hizi ni fundi pikipiki. Nikamwambia yote, sauti inanikauka.

"Mwana, nilijua ni wewe uliyeniandika," akasema. "Nilikuwa nasubiri tu uje uniulize nilikuwa wapi."

Ndiyo kwanza nikamuuliza. Aliongea karibu saa nzima.

Mamdogo karudi Kilosa na daftari lake. Anasema cha kwanza atabandika sheria na adhabu zake mlangoni mwa bweni, kila mtu azione kabla hajakosea. Nawe uliyewahi kuwa kiranja, kama unaye Redio wako, mtafute. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.