Watoto wa Kwenye Karatasi

Katika siasa za Tanzania neno jimbo humaanisha eneo linalochagua mbunge mmoja, kama Kongwa au Mpwapwa, ilhali nchini Marekani jimbo ni kama dola ndani ya dola, lenye katiba, bajeti na Bunge lake. Wajumbe wa Bunge la Minnesota hukutana Saint Paul, na tangu mwaka 1973 wana ofisi yao ya ukaguzi, iliyo chini ya tume ya wajumbe kutoka mabaraza yote mawili na vyama vyote viwili. Ofisi hiyo ndiyo iliyowapa, Juni 2024, taarifa ambayo Mtanzania yeyote anayeishi huko na aliyewahi kushika kikombe cha uji wa shuleni huisoma kwa uchungu.

Taarifa hiyo ilihusu shirika la Feeding Our Future, lililokuwa mdhamini, yaani mpokeaji wa kati wa fedha za serikali kuu zilizopitia Idara ya Elimu ya Minnesota kwenda kwenye vituo vya kulisha watoto, kila kituo kikilipwa kwa idadi ya milo kiliyodai kutoa. Mwaka 2019 shirika lilipitisha dola zipatazo milioni 3.4, mwaka 2021, masharti yakiwa yamelegezwa kwa sababu ya UVIKO-19, zilikaribia milioni 200. Septemba 2022 watu 47 walishtakiwa kwa njama ya kuiba dola milioni 250, na Machi 2025 mwanzilishi wake, Aimee Bock, alitiwa hatiani. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, baadhi ya majina ya watoto yalichotwa kwenye tovuti inayotunga majina ovyo, na katika safu ya umri mtu aliingiza kanuni ya kompyuta iliyojichagulia namba yoyote kati ya 7 na 17. Kwa kuwa wengi wa washtakiwa wana asili ya Afrika Mashariki, wenzao wasiohusika, wanaolea watoto wao na kuamkia zamu za usiku, wamejikuta wakitazamwa kwa jicho la shaka, na hilo ni dhuluma ya pili.

Nchini Tanzania, katika vijiji vya Bahi na Chamwino mkoani Dodoma, ambako mvua ikikata njaa huingia hadi darasani, chakula cha shule kwa sehemu kubwa hutokana na michango ya wazazi kupitia kamati ya shule. Mzazi huleta debe lake la mahindi, linapimwa mbele ya macho ya watu, jina linaandikwa daftarini, na anayeleta pungufu hujulikana kabla hajafika nyumbani. Hapo mtoto wa kubuni hawezi kunywa uji, kwa sababu mpishi anamjua kila mtoto na mama yake. Udanganyifu huanza pale hesabu inapoondoka kijijini ikawa tarakimu tupu mezani kwa mtu asiyemjua mtoto: mwaka 2016, mara tu baada ya elimu bila ada kuanza, uhakiki ulifichua maelfu ya wanafunzi hewa, yaani majina yaliyoombewa fedha bila kuwa na mwanafunzi nyuma yake.

Fedha zenyewe ni ndogo mno kuvumilia wizi. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiasi kilichokaribia dola 10 mwaka 2002 na ambacho miaka zaidi ya 20 baadaye hakifiki dola 5. Katika hizo, 6,000 ndizo zilizopangwa kufika shuleni, na 4,000 zikabakizwa kwa ajili ya vitabu. Chaki, karatasi za mitihani na ukarabati wa vyoo vyote vinagombania hizo 6,000.

Hapo ndipo utaratibu wa Saint Paul unapotamanisha, ingawa nao ulichelewa miaka. Mkaguzi aliwaandikia wajumbe bila kuzunguka kwamba Idara ya Elimu ilipopokea malalamiko kuhusu shirika, ililitaka shirika hilohilo lijichunguze. Nyumbani, Ibara ya 143 ya Katiba inamwelekeza Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kumkabidhi Rais taarifa yake kwanza, ndipo iwasilishwe bungeni. Hufika Dodoma Aprili, wabunge wakiwa wamezama katika bajeti, na mjadala wake husubiri hadi mwishoni mwa mwaka. Taarifa iliyojadiliwa Novemba 2023 ilihusu mwaka wa fedha uliofungwa Juni 2022, zaidi ya miezi 16 nyuma, muda unaotosha mhusika kuhamishwa halmashauri mbili. Naye Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wakati huo na aliyesema akiwa New York kwamba Bunge lina udhaifu katika kusimamia ripoti zake, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mkaguzi ni jicho la mbunge. Bunge lililoamua kulifumba lilikuwa na shule za Kongwa, Bahi na Chamwino zikisubiri zile 6,000, na kila mbunge wa maeneo hayo angeweza kuendesha gari asubuhi, akafungua daftari la mahindi, akaliweka kando ya orodha iliyotumwa wizarani na kuhesabu majina.