Makueni ilipogeuka Kitui

Leo nawapa kisa cha skripti yangu mwenyewe iliyoniumbua.

Nilikuwa nakusanya vipimo vya mvua vya Kitui na Makueni kwa mradi mdogo wa wakulima. Wenzangu wa nyanjani huangalia ripoti hiyo kuamua nani apewe mbegu kwanza. Skripti ya bash niliiita hivi:

./mvua.sh 017 11 mvua.csv

Kigezo cha kwanza namba ya kaunti, cha pili mwezi, cha tatu faili. Kwenye orodha ya Katiba ya 2010 Kitui ni ya 15, Makueni ya 17, Machakos kakaa katikati.

Novemba hiyo (na mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa Ukambani) mwenzangu aliyeko Mutomo akanipigia. "Ndugu yangu, hii mvua umeitoa wapi? Huku ni vumbi tupu."

Nikafungua faili la Kitui, nikakuta vipimo vya Wote na Kibwezi! La Makueni halikuwa na kitu. Nikadhani nimekosea kuandika, lakini wapi, niliandika 017. Nilihangaika hadi usiku wa manane. Mchawi alikuwa mstari huu:

kodi=$(printf '%03d' "$1")

Nia ilikuwa njema, mtu akiandika 17 apate 017. Kumbe printf ikiona sifuri mwanzoni huhesabu kwa mfumo wa nane: 1 mara 8, jumlisha 7, unapata 15. Na Kitui yenyewe, 015, ilikuwa imeenda 013, Tharaka-Nithi huko.

Ningeandika $((10#$1)) nikalale. Lakini hata hapo, ukibadilisha nafasi ya mwezi na kaunti, skripti inameza tu. Nikaamua kila kigezo kije na jina lake:

while [ $# -gt 0 ]; do
  case "$1" in
    --kaunti) kaunti=$2; shift 2 || exit 1 ;;
    --mwezi) mwezi=$2; shift 2 || exit 1 ;;
    --faili) faili=$2; shift 2 || exit 1 ;;
    *) echo "Sielewi: $1" >&2; exit 1 ;;
  esac
done

Msiache hiyo || exit 1. Ukisahau thamani ya mwisho, shift 2 hugoma na kitanzi kinazunguka milele. Getopts ipo pia, ila inajua herufi moja moja tu, nami nilitaka neno zima: --kaunti makueni.

Bahati mbegu zilikuwa bado ghalani. Ndugu wa Mutomo siku hizi anaendesha skripti mwenyewe, na juzi kaniuliza mbona inakataa Kitui yenye K kubwa. Nalishughulikia.