Niliacha kumhubiria mume wangu

Miaka minne ya ndoa, kila Jumapili ilikuwa ugomvi nyumbani kwetu Mbagala. Mimi nimeshavaa, rozari mkononi, namfokea mume wangu kitandani: "Utaenda motoni wewe!" Naye anajifunika shuka. Huku mama yake, aliyepooza miguu, nilikuwa nimemwachia dada wa kazi.

Siku moja shoga yangu akanipeleka Mburahati kwa masista wa Mama Teresa, wale wa sari nyeupe zenye mistari ya bluu. Shirika lao lilianzia Calcutta mwaka 1950, na mwaka 1968 likafungua nyumba Tabora, hapahapa Tanzania. Nilimkuta sista akimkata kucha bibi mmoja asiye na ndugu. Hakumuuliza dini yake. Bibi ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, Mungu wako ni yupi mpaka unanishika hivi?"

Jamani, niliona aibu! Mimi hata beseni la mama mkwe nilikuwa nalikwepa.

Jioni ile nilimwogesha mwenyewe. Kesho yake tena, wiki, mpaka mwezi, bila kutaja kanisa. Mwanzoni mume wangu alidhani namtega. Jumapili moja akaniuliza taratibu, "Misa ni saa ngapi?"

Alikaa benchi la nyuma, na hadi leo mahubiri yakirefuka anasinzia. Lakini beseni la mama sasa tunalishika wote wawili.

Wewe je, mwenzako anamwona Mungu kwenye kelele zako au kwenye mikono yako?