Kete Hazina Siri

Baridi ya Mbeya humpokea mtu wa pwani kabla ya wenyeji wake kumpokea. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja aliijua vyema, kwani kila mwaka, mpunga wa Kyela ukishavunwa, alivuka bahari akapanda basi kwenda kununua mchele. Mfukoni mwake, baina ya kanzu na sweta la kuazima, hakikosekani kifuko cha komwe sitini na nne. Mkomwe ni mti wa ufukweni, hauoti katika milima ile. Na yeye aliona si uungwana mtu kwenda ugenini mikono mitupu.

Mwenyeji wake, aliyemuuzia mchele kwa mali kauli, alikuwa na baba mzee asiyependa maneno mengi. Mzee huyo alikuwa na bao lake la mninga, lililong'aa kwa kushikwa, na jioni aliliweka barazani mahali ambapo mlima Loleza unaonekana wote. Mgeni alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamimina komwe zake mbele ya mzee. Mzee aliitwaa moja, akaigeuzageuza, akaigonga kwenye jino. "Hizi nzito kuliko vijiwe vyetu," akasema. "Kaa, mwanangu." Na tangu siku hiyo, misimu mitatu mfululizo, biashara ilifanywa asubuhi na bao likachezwa jioni.

Wapenzi wa bao hawahitaji kuelezwa, lakini si vibaya kukumbushana. Bao lina mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, na ile ya mbele ndiyo uwanja wa vita. Katika bao la kiswahili, kila mmoja huanza na kete sita katika nyumba yake, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwake. Ishirini na mbili zilizobaki huzishika mkononi kwa ajili ya kunamua. Kila zamu huingia kete moja, hadi mikono ikauke. Hapo ndipo mchezo unapoingia mtaji.

Jeshi la bao basi ni jeshi la ajabu. Halina pazia. Kila askari yuko wazi mbele ya macho ya adui, na hata anayeliwa hafi, bali husambazwa katika safu za aliyemla, akawapigania waliomteka. Kete sitini na nne huanza, na sitini na nne humaliza. Anayeshindwa hashindwi kwa sababu hakuona. Hushindwa kwa sababu aliona asitambue. Hii ndiyo sifa iliyowafanya washairi wa kale kuuheshimu mchezo huu, akiwamo Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeutungia shairi.

Hata hivyo, msimu wa kwanza haukupita bila ya kutoleana macho. Mzee alikuwa na desturi ya kuweka kete zake za kunamua ndani ya kofia, na kofia akaipakata. Mgeni aliyezoea kuziona zimekaa wazi alijizuia, akajizuia, mwisho akauliza: "Mzee wangu, umebakiwa na ngapi?"

Mzee hakuinua uso. "Wewe umeshacheza ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Basi na mimi nimecheza hizo hizo. Unaniuliza nini?"

Watu wa barazani walicheka, na mgeni akacheka nao, kwani neno lilikuwa la haki. Wote wawili walianza na ishirini na mbili, na kila mmoja hutoa moja kwa zamu. Kofia ilificha kete, haikuficha hesabu.

Lakini ikiwa katika bao hakuna jeshi la kufichwa, basi liko jambo moja tu ambalo mtu anaweza kumficha mwenziwe, nalo ni sheria. Jambo hili mgeni yule alilijua kwa hasara.

Ilikuwa msimu wa tatu, usiku wa mwisho kabla ya safari. Mchezo umeingia mtaji, na baraza imejaa. Mzee alikuwa na shimo moja lililonona, na mgeni alilitolea macho. Hakuwa na cha kula. Akatakata, akalala mahali ambapo mzee naye hakuwa na cha kula. Mzee akanyoosha mkono alichezee lile shimo, alitoe hatarini. Mgeni akasema: "Hilo haliguswi, mzee. Nimekutakasia."

Msomaji wa visiwani ataijua sheria hiyo. Mtu akitakata, na mwenziwe akawa hana cha kula, na likawa liko shimo moja tu litakaloliwa zamu inayofuata, shimo hilo limetakasiwa. Mwenyewe hana ruhusa ya kulikimbiza. Ina vighairi vyake, kama nyumba, ambayo haitakasiwi. Ni sheria nzuri, yenye akili ndani yake. Ila si kila baraza inaifuata, na baraza ile haikuwahi kuisikia. Kwa jioni zote walizocheza hapo kabla, haikutokea haja ya kuitaja, na mgeni hakuitaja.

Mzee aliurudisha mkono wake taratibu. Hakubisha. Alicheza shimo jingine, akaliwa, akafungwa. Kisha akazizoa komwe zote, akazihesabu moja moja hadi sitini na nne, akazitia katika kifuko na kukifunga. "Chukua mali yako, mwalimu wa sheria," akasema, akaingia ndani. Kesho yake mwanawe alimpakilia mgeni magunia yake kama kawaida, lakini akamwomba radhi kwamba msimu ujao angehitaji fedha taslimu. Sababu hakuitaja. Haikuhitaji kutajwa.

Kuna watu katika nchi za Ulaya na Marekani ambao hupigana vita mezani kwa vinyago vidogo vya askari, na mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alikitungia kitabu mchezo wa namna hiyo mwaka 1913. Watu hao hawaanzi bila ya kukaa kitako kwanza. Kila mmoja huja na orodha ya jeshi lake, na hukubaliana kama orodha zitaonyeshwa au zitafichwa. Kwa kuwa vitabu vyao vina sheria za lazima na sheria za hiari, hukubaliana pia ni zipi za hiari zitakazotumika siku hiyo. Kabla yao, mwaka 1824, ofisa wa Prussia aliyeitwa Reisswitz alitoa mchezo wa vita kwa ajili ya kuwafunza maofisa, na ndani yake mwamuzi ndiye peke yake aliyeona majeshi yote. Wachezaji walionyeshwa yale tu ambayo askari wao wangeyaona. Hivyo siri yenyewe ilikuwa sehemu ya mapatano, kwani kila mmoja alijua kwamba anafichwa, na alijua kwamba mwenziwe naye anafichwa kadiri ile ile.

Basi la kurudi pwani hupita Iringa, na mgeni alilala huko usiku mmoja. Asubuhi walipoondoka, wakafika Lugalo, palipo na mnara wa kumbukumbu kandokando ya barabara. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa lilijificha katika vichaka na mawe, likaungoja msafara wa Wajerumani uliokuwa ukipita kwa mstari mrefu mwembamba. Kiongozi wa msafara alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo. Ndiye yule yule aliyewaudhi watu wa Pangani mwaka 1888, hata ukafuata upinzani wa Abushiri. Aliuawa hapo, pamoja na wengi wa askari wake.

Miaka mitatu baadaye Wahehe walipigana nyuma ya kuta za boma la Kalenga, ambazo kila mwenye macho aliziona. Wajerumani wakaleta mizinga, na boma likaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alirudi kujificha na kupigana hadi alipojiua mwaka 1898. Fuvu la kichwa chake lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa mwaka 1954, na limehifadhiwa Kalenga.

Hakuna mwenye haki ya kumlaumu Mkwawa kwa kujificha Lugalo. Nyundo hakuja Uhehe kwa mapatano. Hakuuliza mila za nchi, wala hakutaja zake. Baina yao hapakuwa na sheria iliyokubaliwa, na pasipo sheria, kuficha jeshi ni busara ya mwenye nyumba. Lakini barazani Mbeya hapakuwa na vita. Palikuwa na wawili waliokaa kwa ridhaa, na kila kilichokuwamo ubaoni kilikuwa wazi, isipokuwa neno moja alilokuwa nalo mmoja wao. Mgeni alikuwa amemwekea mzee Lugalo mahali palipostahili kahawa.

Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mgeni hakutakiwa kuvunja jicho. Alitakiwa kusema tu kwamba analo.

Msimu uliofuata alikuja na fedha taslimu, kama alivyoambiwa. Jioni alikwenda barazani, akaamkia, akakaa pembeni bila ya kutoa kifuko. Mzee alikuwa akicheza na jirani kwa vijiwe. Mchezo ulipokwisha, mgeni alisogea. "Mzee wangu," akasema, "kwetu kuna sheria nyingi, na nyingine sikukutajia. Nimekuja kuzitaja." Akazitaja zote: ya nyumba kulala na kusafiri, ya kichwa na kimbi, ya mtu kuzitoa kete shimoni kuzihesabu. Ya kutakasa akaiweka mwisho, akasema kwamba anaiacha.

Mzee alimsikiliza akiangalia Loleza. Kisha akanyoosha kiganja. "Zilete zile nzito," akasema. Akazipanga, sita nyumbani, mbili, na mbili. Ishirini na mbili zake akazitia katika kofia, akafikiri kidogo, akaigeuza kofia na kuzimwaga juu ya mkeka.

"Hiyo yako ya kutakasa," akasema, "usiiache. Nifundishe kwanza, halafu tuicheze."