Korongo Domo-Wazi wa Mwea

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Embu utapita Mwea, katika Kirinyaga. Huko nchi ni tambarare. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi huingia mashambani kwa mifereji. Pande zote utaona mpunga. Simama kidogo kando ya mfereji, utazame.

Utaona ndege mrefu akitembea majini polepole, kama mzee anayetafuta sarafu iliyomwanguka. Huyo ni korongo domo-wazi. Kimo chake ni sentimita 80 hadi 94. Kwa mbali ni mweusi tu, lakini jua likimpiga manyoya yake hung'aa kijani na zambarau. Sasa tazama mdomo. Ameufunga, lakini katikati una mwanya. Wengine hudhani ameumia. La, hakuumia. Makinda huzaliwa bila mwanya huo. Hutokea wanapokua.

Mdomo huo ni chombo cha kazi. Chakula chake ni konokono wa majini na kome. Akimpata konokono, humkandamiza chini kwa ncha ya mdomo wa juu. Mdomo wa chini huingia ndani kama kisu, ukakata msuli unaomshikilia konokono kwenye gamba. Kisha humtoa akammeza. Mara nyingi gamba hubaki zima. Ukikuta magamba matupu, mazima, kwenye tuta, huenda ni yeye aliyekula hapo.

Mpunga hali. Kuna wakulima wanaomfukuza pamoja na kwelea kwelea. Hiyo ni hasara, hasa siku hizi. Mwaka 2020 konokono mgeni kutoka Amerika Kusini alionekana Mwea. Hula miche michanga ya mpunga. Hutaga mayai ya rangi ya waridi juu ya maji, kwenye mashina na kuta za mifereji. Huko Thailand, korongo wa ukoo mmoja na huyu wetu hula konokono hao kwa wingi.

Basi usikimbilie sumu. Ukimwaga sumu majini, konokono huipata, na korongo humla konokono. Huko Bunyala, karibu na Ziwa Viktoria, watu waliwahi kuwatega korongo hawa kwa konokono waliotiwa sumu ya wadudu, wakauza nyama. Mnunuzi alipeleka sumu nyumbani kwa watoto wake.

Miche ikiwa michanga, punguza maji shambani, kwa maana konokono huyu hawezi kula vizuri pasipo maji. Weka wavu mahali maji yanapoingilia. Kusanya mayai ya waridi uyaponde, nao konokono uwaokote asubuhi na jioni. Vaa glavu na buti, usiwashike kwa mikono mitupu. Korongo akija, mwache afanye kazi yake. Waambie na watoto wasimpige kwa manati.