Kalamu ya Kukodi

Marehemu baba aliniachia daftari la tenzi alizoziandika kwa hati ya Kiarabu. Wino umefifia, karatasi zimeingia madoa. Kwa miaka mitatu nilizipiga picha kurasa zake na kuzisafisha kwa programu inayolipiwa kila mwezi. Nilipostaafu, kiinua mgongo kikachelewa, nami nikashindwa kulipa ada. Asubuhi moja programu ikagoma: kazi yangu niliiona kwa jina tu, kuifungua siwezi. Kumbe kalamu niliyojivunia nilikuwa nimeikodi. Wahenga hawakukosea: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mwanafunzi wangu wa zamani akanielekeza kwenye GIMP, programu isiyo na ada, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilifungua mafaili yangu mengi, ingawa si yote. Nikajifunza upya, polepole, kama mwanagenzi.

Wenzangu mnaohifadhi miswada ya wazee, msiiweke katika sanduku ambalo ufunguo wake anao mwingine. Juzi nilitenga rangi ya buluu peke yake, na ubeti ambao sikuwahi kuusoma ukajitokeza. Ndani yake mna jina la mama.